Imani na Amani Siku za Hofu
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na wazee katika mkutano wa mwaka)



Hesabu za fedha mmekwisha kusomewa. Kamati imetuagiza tuseme machache juu ya jambo lisiloandikwa katika hesabu hizo, yaani hali ya mioyo yetu.

Katika kuzuru nyumba za wanachama, Lodwar na Kakuma, tumewakuta watu wasiosali tena kama zamani. Hawamtukani Mungu, wamechoka. Mzee mmoja alituuliza, "Kama yuko asikiaye, mbona mbuzi wangu wamekwisha?" Siku ile hatukuwa na jibu. Tulikunywa naye chai kavu, tukaaga. Leo twajaribu kumjibu.

Kwanza twakiri kwamba hofu yetu ina sababu. Tangu mwisho wa mwaka 2020 hata mapema mwaka 2023, misimu mitano ya mvua ilipita mfululizo bila mvua ya kutosha, na mifugo ikafa. Kisha mwaka 2025 Shirika la Chakula Duniani likapunguza sana posho ya wakimbizi wa Kakuma kwa upungufu wa fedha. Mwenyeji aliyefilisika na mkimbizi mwenye njaa wakaanza kutazamana kwa mashaka.

Pili, liko neno linalonong'onwa, nasi twaona heri tulitamke. Watu husema, "Imani ilikuja hapa pamoja na unga, unga ukiisha, nayo itakwenda." Ni kweli kwamba mwaka 1961, wakati wa njaa, mapadri wa Shirika la Mtakatifu Patriki kutoka Ireland waliingia Turkana, wakawalisha watu huku wakiwafundisha. Lakini wazee wetu walimwita Akuj, Mungu aliye juu, kabla gunia la kwanza halijashushwa. Na vijana wa Sudan waliofika Kakuma mwaka 1992 walikuwa wamekwenda kwa miguu hata Ethiopia, wakafukuzwa huko na vita vya mwaka 1991. Wengi wao walisali njiani pasipo na posho ya mtu ye yote, na walipotua wakajenga makanisa ya udongo. Basi imani si mtoto wa gunia.

Ndugu, mwamkumbuka nabii Eliya. Siku za ukame alikaa kando ya kijito cha Kerithi, na kijito kile kikakauka, kama Tarach yetu ikaukavyo. Kukauka kwa maji hakukuwa dalili ya kuachwa. Alitumwa Sarepta, nchi ya kigeni, kwa mjane aliyekuwa akiokota kuni apike chakula cha mwisho, yeye na mwanawe. Mkimbizi na mwenyeji wake, wote wawili wenye njaa, wakala katika chombo kimoja, na chombo hakikuisha.

Lakini yaliyofuata ndiyo yatufaayo zaidi. Mvua ilinyesha, na bado Eliya akaogopa. Alikimbilia jangwani, akalala chini ya mti, akaomba afe. Nasi twayajua hayo: mwishoni mwa mwaka 2023 mvua zilinyesha nchini hata zikaleta mafuriko, wala hofu haikuondoka. Basi, Mungu alimfanyia nini nabii yule? Hakumkemea kwa kukata tamaa. Alimwacha alale usingizi, akampelekea mkate na maji mara mbili, kabla ya kumwuliza neno lo lote. Hilo ndilo jibu letu kwa mzee yule. Hatujui kwa nini mbuzi wake walikufa. Twajua tu kwamba mwenye mashaka haachwi peke yake, na amani huanza hapo.

Kwa hiyo twawaomba mambo mawili. Mwanachama akisema hawezi kusali, asihukumiwe katika mikutano yetu. Apelekewe maji na unga, na mtu wa kukaa naye, mafundisho yatafuata.

La pili ni gumu. Katika mkutano uliopita baadhi yetu walitaka mfuko wa misaada ufungwe kwa wakimbizi wa Kakuma, wakatukumbusha kwamba mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hiyo ni ya kweli, lakini ilitungwa na watu wenye mashamba. Hapa petu hata mwenyeji hana pa kulitia jembe. Twajua fedha ni chache, na wenyeji wa Lodwar nao wana njaa. Hatuwadharau waliosema vile. Ila twasema wazi: tukiufunga mfuko kwa sababu ya hofu, hofu yetu haitapungua hata senti moja. Kesho tutaogopana sisi kwa sisi.

Mtakapopiga kura leo, mkumbukeni mjane wa Sarepta. Hakungoja chombo kijae ndipo agawe.

Haya ndiyo tuliyotumwa kuyasema. Mungu awape amani, nyumba kwa nyumba, Lodwar hata Kakuma.