Njiwa wa Udongo: Mchezo Upi Ulio Mgumu?

Wasikilizaji wetu, mtu akiwauliza wapiga shabaha wa Uingereza au wa Marekani ni mchezo upi wa njiwa wa udongo ulio mgumu kupita yote, kila mmoja atautaja ule anaoucheza yeye. Hilo si ajabu, maana hata mvuvi wa mshipi humwona mvuvi wa jarife kuwa mtu wa raha. Basi leo twataka kulitazama swali hili kwa haki, tuchukue michezo iliyo mashuhuri na kuupima mmoja kwa mwingine.

Kwanza yatupasa kueleza njiwa huyu ni kitu gani, kwa kuwa huenda wengi wenu hamjapata kumwona. Si njiwa, wala siku hizi si udongo. Ni kisahani kidogo, upana wake sentimita 11, uzito wake gramu 105 au karibu, kilichofanyizwa kwa lami na mawe ya chokaa yaliyosagwa. Mtambo hukirusha hewani kikaenda kwa kasi huku kikizunguka, na mpigaji hukivunja kwa bunduki ya marisau, yaani bunduki ambayo haitoi risasi moja bali chembe ndogo mamia, zitokazo pamoja na kutawanyika kadiri ziendavyo. Zamani walirusha njiwa wa kweli waliofungiwa katika visanduku. Hata mashindano ya Olimpiki ya Paris ya mwaka 1900 yalikuwa na mchezo huo, na Uingereza iliukataza kwa sheria mwaka 1921. Kabla ya hapo watu walikwisha kujaribu tufe za kioo, nazo zikajaza viwanja vigae. Ndipo mwaka 1880 George Ligowsky wa mji wa Cincinnati, huko Marekani, alipoandikishiwa na serikali ubunifu wake wa kisahani cha udongo wa kuchoma. Baadaye lami ilishika mahali pa udongo, lakini jina likabaki.

Sasa, kila mtoto aliyepata kuamia ndege katika shamba la mpunga kwa kombeo ajua jambo la kwanza la mchezo huu, ijapokuwa hajashika bunduki maisha yake. Ndege arukaye akikupa mgongo ni rahisi: tupa jiwe mahali alipo, nalo litamfuata. Lakini ndege apitaye mbele yako kwa ubavu si hivyo, kwa kuwa jiwe litafika mahali alipokuwa, naye amekwisha kwenda zake. Marisau ni ya haraka kuliko jiwe, lakini hayafiki papo hapo. Huenda kama mita 350 kwa sekunde, na kisahani huenda kama mita 25 kwa sekunde hiyo hiyo. Kikipita umbali wa mita 20, basi katika muda wa marisau kufika kitakuwa kimekwisha kusogea karibu mita moja na nusu. Mpigaji hana budi kuelekeza mtutu mbele yake kwa kadiri hiyo, mahali pasipo kitu ila hewa. Kikipita mita 40, kipimo hicho huzidi mara mbili, maana marisau hupungua mwendo kadiri yaendavyo.

Kwa sababu hiyo watu wengi hudhani kwamba mchezo wenye visahani vya kupita ubavuni ndio mgumu kuliko wote. Sisi hatukubali. Kipimo cha kutangulia mbele mtu aweza kujifunza kwa mazoezi, mradi aijue njia ya kisahani. Kwa hiyo swali la kuuliza juu ya kila mchezo ni hili: kabla ya kuita kisahani, mpigaji ameambiwa mangapi?

Tuutazame mchezo wa skiti, ambao humwambia karibu yote. Ulianza mjini Andover, katika jimbo la Massachusetts, karibu na mwaka 1920. Charles Davis na wenzake walitaka kujizoeza kabla ya msimu wa kuwinda ndege, wakachora duara kubwa na kuligawanya kama uso wa saa, wakawa wanapiga kutoka kila saa kwa zamu. Jirani yao akaanza kufuga kuku upande wa pili, na marisau yakawa yakiangukia huko. Basi ikabidi duara likatwe nusu, na nusu duara hilo ndilo lililoenea duniani. Jina lilipatikana mwaka 1926 kwa shindano la gazeti, na bibi mmoja wa jimbo la Montana akajipatia dola 100 kwa neno moja lililotokana na lugha za watu wa Skandinavia, maana yake kupiga.

Katika uwanja wa skiti mna nyumba mbili ndogo, moja kila upande. Ya kushoto hurusha kisahani kutoka juu, kimo cha mita tatu na kidogo, na ya kulia kutoka chini, kimo cha mita moja na kidogo. Mpigaji husimama mahali saba juu ya nusu duara, na mahali pa nane katikati, ambapo kisahani humjia usoni kama nyuki mwenye hasira. Lakini njia za visahani hivyo hazibadiliki. Ni zile zile leo na mwaka ujao, isipokuwa upepo ukiingilia. Kwa kanuni za Marekani mpigaji aruhusiwa kuweka bunduki begani kwanza, kisha aite, na kisahani hutoka mara moja. Basi kuvunja 100 katika 100 si habari kubwa kwao, na wamekuwako waliovunja 400 katika 400 kwa bunduki za ukubwa wa namna nne. Skiti ya Olimpiki ni ndugu yake aliye mkali. Visahani ni vya kasi zaidi, tako la bunduki sharti likae nyonga hata kisahani kionekane, na tena baada ya kuita, kisahani chaweza kutoka papo hapo au kukawia hata sekunde tatu. Sekunde tatu si kitu mtu anywapo chai, lakini katika kungoja huko mikono huanza kukaza, na mkono uliokaza haupigi vema.

Trapu ni mchezo wa namna nyingine. Hapa kisahani hutoka mbele ya mpigaji na kumkimbia, kama yule ndege wa kukupa mgongo tuliyesema ni rahisi. Katika trapu ya Kiingereza watu watano husimama yadi 16 nyuma ya mtambo mmoja, nao hugeuka huku na huku wala hakuna ajuaye utaelekea wapi, ila mwisho wa mgeuko ni kadiri ya digrii 22 kila upande, na kimo ni kimoja. Mtu hupewa alama tatu akivunja kwa mtutu wa kwanza, na mbili akivunja kwa wa pili. Wamarekani hupiga mara moja tu. Wana tena desturi nzuri ya kumrudisha nyuma mshindi, kutoka yadi ya 16 hata aweza kufika ya 27, ili awape wengine nafasi.

Mkubwa wa jamaa hii ni trapu ya handaki, ile ya Olimpiki. Mbele ya wapigaji, mita 15, mmechimbwa handaki lenye mitambo 15, mitatu mitatu mbele ya kila mahali pa kusimama. Mpigaji aitapo, mmoja katika mitatu hurusha, naye hajui ni upi. Kisahani chaweza kwenda hata digrii 45 kushoto au kulia, juu au chini chini, kwa kasi ipitayo kilometa 100 kwa saa, na nguvu yake yakipeleka mita 76. Ana mapigo mawili, na kazi yote yapaswa kumalizika kabla ya sekunde moja kuzidi sana. Hapa hapana wakati wa kuwaza. Ajuacho ni hiki tu, kwamba katika visahani 25 atapata 10 vya kushoto, 10 vya kulia na vitano vya katikati. Wako wajaribuo kuhesabu vilivyobaki. Twaona wamejizidishia mzigo, maana akili iliyoshika hesabu imekwisha kuliacha jicho peke yake.

Halafu uko mchezo uitwao spotingi, ambao hauna uwanja wa kupimwa. Mwenye kuutengeneza huchukua msitu na kilima kama alivyovikuta, akaficha mitambo yake apendapo. Kisahani kimoja hupita juu ya miti, cha pili huporomoka kilimani, cha tatu hubiringika chini kwa mfano wa sungura na kuruka kila kikutanapo na kisiki. Tena si vya ukubwa mmoja. Viko vya milimita 90, viko vya milimita 60 tu, na viko vyembamba ambavyo huenda vikionyesha ukingo na hali havionekani sawasawa, kisha hugeuka ghafula. Jicho hudanganyika sana kwa kile kidogo, likadhani kiko mbali kumbe ki karibu. Mpigaji huonyeshwa visahani kwanza, kisha hupiga. Kwa hiyo aijua njia, lakini njia ile hakupata kuizoea, na kesho itabomolewa. Hata George Digweed wa Uingereza, aliyetwaa ubingwa wa dunia zaidi ya mara 20, hakuwa mtu asiyekosa. Alikuwa mtu aliyekosa kidogo kuliko wenziwe.

Sasa twende kwenye hesabu, maana maneno matupu hayamalizi ubishi. Katika Olimpiki ya London ya mwaka 2012 mashindano yalifanywa mahali pamoja, Woolwich. Kwa wanaume, Vincent Hancock wa Marekani alishinda skiti kwa 148 katika 150, na Giovanni Cernogoraz wa Kroatia alishinda trapu kwa 146 katika 150. Peter Wilson wa Uingereza alishinda trapu ya jozi, ambapo visahani viwili hutoka pamoja, kwa 188 katika 200. Mshindi wa skiti alikosa viwili, wa trapu vinne, wa jozi 12. Mtu atasema, basi shauri limekwisha, jozi ndiyo ngumu na skiti ndiyo rahisi. Lakini tazameni wanawake wa mashindano yale yale: Kimberly Rhode wa Marekani alipata 99 katika 100 kwa skiti, na Jessica Rossi wa Italia akapata 99 katika 100 kwa trapu. Hapo tofauti imekwenda wapi?

Nasi twaona kwamba hesabu hizo zapima ugumu wa kisahani, wala hazipimi ugumu wa shindano. Katika jozi mtu aliyekosa kimoja aliweza kujipa moyo, kwa kuwa wenzake nao wangekosa. Katika skiti hana faraja hiyo. Mwaka 1992 kule Barcelona, ambako wanaume na wanawake walishindana pamoja, Zhang Shan wa China alivunja visahani 200 vya kwanza bila kukosa hata kimoja, akamaliza kwa 223 katika 225 na kuwashinda wanaume wote. Kisahani cha 150 hakikuwa kigumu kuliko cha kwanza. Njia ilikuwa ile ile. Kilichozidi ni kile ambacho angepoteza. Inasikitisha kwamba mwaka 1996 skiti ya Olimpiki ilikuwa ya wanaume peke yao, naye hakupata kuitetea nishani yake. Skiti ya wanawake iliingia mwaka 2000.

Pengine shahidi bora wa shauri hili ni huyo Bibi Rhode, kwa kuwa amepita pande zote mbili. Alishinda trapu ya jozi mwaka 1996 akiwa na umri wa miaka 17, akaishinda tena mwaka 2004. Baada ya hapo mchezo huo ukaondolewa kwa wanawake, na ule wa wanaume ukafuata baada ya mwaka 2016. Yeye alishika skiti, akapata nishani ya fedha mwaka 2008, ya dhahabu 2012, na ya shaba 2016. Jicho na mkono vilikuwa vile vile, lakini ilimbidi kuacha mwendo wa kungoja visahani viwili mbele, na kuzoea kugeuza mwili wote kufuata kimoja kipitacho ubavuni.

Basi mtu akitushurutisha kujibu, tutasema hivi. Kwa mgeni, trapu ya handaki ndiyo itakayomvunja moyo upesi. Kwa mtu wa makamo, spotingi, maana kila apatapo elimu ya msitu mmoja hupelekwa msitu mwingine. Kwa bingwa, skiti ya Olimpiki, kwa kuwa haimsamehe. Na mwalimu mwenye busara hamwanzishi mwanafunzi kwa mmojawapo. Humpeleka mahali pa saba katika uwanja wa skiti, kando ya nyumba ya kulia, akamrushia kisahani kile cha chini kiendacho moja kwa moja mbele yake, akampa mgongo kama yule ndege wa shambani.