Mlango Uliofungwa Miaka 28



Dominika hii tunapoombea miito mitakatifu, tuelekeze fikra zetu Armenia, taifa linalohesabu Ukristo wake tangu mwaka 301, kwa mahubiri ya Mtakatifu Gregori Mwangazaji. Kanisa hilo bado halina umoja kamili nasi. Hata hivyo mwaka 1996 Papa Yohane Paulo II na Katolikosi Karekin I, mkuu wa Kanisa hilo, walitia sahihi tamko la pamoja la imani.

Huko Etchmiadzin, Katolikosi Gevorg IV alianzisha seminari mwaka 1874. Mwaka 1881 aliletwa hapo mvulana yatima kutoka Kütahya, katika dola la Kituruki. Hakujua kusema Kiarmenia, ila aliimba vizuri nyimbo za Kanisa. Hawakumrudisha, walimlea na kumfundisha lugha ya babu zake. Ndiye Padre Komitas, aliyepita vijijini akiandika nyimbo za wakulima. Mwaka 1915 Waarmenia wengi mno waliuawa, na vijiji vingi vikabaki magofu. Nyimbo zikasalia katika karatasi zake.

Mwaka 1917, katikati ya vita na machafuko, seminari ilifungwa. Utawala wa Kisovyeti uliofuata ulilitesa Kanisa, na mlango ule haukufunguliwa hadi mwaka 1945. Mtoto aliyekuwa na miaka 10 ulipofungwa alikuwa mtu mzima wa miaka 38 ulipofunguliwa. Lakini waseminari walipatikana. Walitoka wapi, ikiwa si katika nyumba ambamo sala haikuzimika?

Ndugu zetu makatekista, hapa tujihoji. Anapokuja kijana ambaye hajui sala wala hana ada, tunamwona Komitas, au tunaona usumbufu? Nanyi wazazi, mnaotoa sadaka kwa ajili ya seminari, je, mwanenu akitamani kwenda huko, mtamruhusu?

Seminari ya kwanza ni jamaa ya Kikristo. Mlango wa ile nyingine waweza kufungwa na watawala. Wa hii hufungwa na sisi wenyewe tu. Basi jioni ya leo tukusanyike na watoto wetu, tusali pamoja, tukiwataja waseminari wetu kwa majina.

Mungu awabariki. Amina.