Kibarua na Daftari Lake



Mazungumzo ya leo ni ya kibarua. Chukua kijana wa hapa aliyepata kazi ya muda kiwandani upande wa Kitengela, kupitia ajenti. Mashaka yake si makubwa. Ajenti hapokei simu. Supavaiza wa leo si yule wa jana. Anafika getini, jina lake halimo kwenye orodha, na nauli ameshalipa. Nyumbani wanamuuliza kama ameajiriwa, naye hajui la kujibu. Likija moja analimeza. Yakija matano kwa wiki moja, anagombana na wenzake au anarudi kuvuna nyanya Kimana, ambako pia ni kibarua.

Kinachomchosha zaidi ni kutojua amesimama wapi. Siku ya kwanza aulize bila kuona haya: mwajiri wangu ni nani, ajenti au kiwanda? Kisha anunue daftari dogo. Kila jioni aandike tarehe, saa ya kuingia na kutoka, jina la supavaiza na pesa alizopokea. Ujumbe wa malipo kwenye simu asiufute. Lililomkera aliandike pia, ila asimpigie ajenti akiwa bado na hasira. Asubuhi ataona lipi la kuuliza na lipi limeshapita.

Daftari hilo lina kazi nyingine. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinasema kibarua akifanya kazi siku mfululizo zinazofikia mwezi mmoja, huhesabiwa kuwa mfanyakazi wa mkataba anayelipwa kwa mwezi. Siku ya mapumziko baada ya siku 6 za kazi huhesabiwa humo, na sikukuu pia. Wengi huanza hesabu upya kila Jumatatu, wakajipunja wenyewe. Na aliyefanya kazi wiki 4 mfululizo ana haki ya cheti cha utumishi anapoondoka. Akiombe, kwa maana wachache hupewa bila kuomba.

Ieleweke kwamba masuala ya kazi yako chini ya serikali ya kitaifa, si kaunti, kwa hiyo malalamiko hupelekwa kwa afisa wa leba. Swali lake la kwanza huwa tarehe: ulianza lini, ulilipwa lini. Aende na daftari.