Unyonyeshaji wa Mtoto Mchanga na Tatizo la Siku Tatu za Mwanzo

Wajumbe wa semina hii hawahitaji maelezo marefu. Shirika la Afya Duniani na UNICEF wanashauri mtoto aanze kunyonya ndani ya saa moja tangu kuzaliwa, apewe maziwa ya mama pekee, bila hata maji, kwa miezi sita, kisha aendelee kunyonya huku akila vyakula vingine hadi miaka miwili au zaidi. Ujumbe umesikika: utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 64 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miezi sita wakinyonya maziwa ya mama pekee.

Mada hii inawahusu waliobaki, hasa yanayowapata kati ya siku ya kwanza na ya nne.

Mama aliyejifungua salama huruhusiwa baada ya saa 24, na wodi ikifurika hata kabla ya hapo. Maziwa mengi hujaa siku ya pili hadi ya nne. Anaondoka, basi, akiwa na dang'a tu, yale maziwa ya njano yenye kinga nyingi, ambayo hutoka kwa vijiko vya chai. Usiku wa pili mtoto analia na kulitaka titi kila mara. Ni kawaida ya mtoto mchanga, na kunyonya huko ndiko kunakouamsha mwili utengeneze maziwa. Nyumbani hutafsiriwa vingine. "Maziwa hayajatoka," anasema bibi. Chupa ya chai inafunguliwa, glukosi inakorogwa, mtoto ananyweshwa kwa kijiko. Analala. Wakati wote huo titi halinyonywi, na maziwa hutengenezwa kadiri yanavyotolewa. Kesho yake yanapungua kweli, na bibi anaonekana alisema sahihi.

Bibi asilaumiwe. Anamwona mjukuu analia na hakuna mtaalamu aliyemweleza kwa nini.

Kasoro huanzia wodini. Muuguzi mmoja wa zamu ya usiku, vitanda vimejaa, anauliza, "Ananyonya?" Mama anaitikia, anaandikiwa ruhusa. Hakuna aliyesogea kutazama kama mtoto ameshika chuchu peke yake, jambo linaloleta vidonda na kumnyima maziwa, au amepanua kinywa akachukua na sehemu kubwa ya weusi unaoizunguka, kidevu kikagusa titi na mdomo wa chini ukapinduka nje. Kutazama huko huchukua dakika chache. Kwa heshima zote kwa Wizara ya Afya, ambayo imefanya mengi, mabango na hotuba za kliniki haviwezi kuchukua nafasi yake.

Mapendekezo ni haya. Mama yeyote asiruhusiwe kabla muuguzi hajamwona kwa macho yake akinyonyesha. Aliyejifungua kwa upasuaji asaidiwe kumnyonyesha mtoto mapema, akiwa amelala ubavu ikibidi. Bibi au shangazi aliyekuja kumchukua mzazi aitwe kitandani, aelezwe kuhusu usiku wa pili na afundishwe kuhesabu mkojo: mara moja siku ya kwanza, mara mbili ya pili, mara tatu ya tatu, na mara sita au zaidi kuanzia siku ya tano. Asiyekojoa hivyo, aliyelegea, au aliyepungua zaidi ya asilimia 10 ya uzito wa kuzaliwa arudishwe kituoni haraka. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii afike nyumbani siku ya tatu, maana kusubiri kliniki ya wiki ya sita ni kuchelewa mno. Kanuni za mwaka 2013 zinazodhibiti uuzaji wa maziwa ya kopo zisimamiwe madukani. Waajiri waheshimu siku 84 za likizo ya uzazi na hadi saa mbili za kunyonyesha kila siku ya kazi zilizomo katika sheria ya ajira ya mwaka 2004. Mama lishe, ambaye sheria hiyo haimfikii, afikiriwe na halmashauri yake.

Na kwa kuwa pendekezo la kwanza limesemwa katika semina nyingi likaishia kwenye makabrasha, linarudiwa: mama asiruhusiwe kabla hajaonekana akinyonyesha. Waganga wafawidhi waliomo ukumbini wanaombwa walianze katika wodi zao mwezi huu, bila kusubiri waraka.