Nasaha za Mwenyekiti Kuhusu Wadai wa Uongo wa Simu

(Zilisomwa mbele ya wanachama na wageni siku ya kuadhimisha miaka kumi ya kikundi, Morogoro, 2025)

Katibu ameshasoma risala ya miaka kumi, tangu tulipoanza mwaka 2015 chini ya mwembe kwa hisa ya shilingi elfu moja mpaka hapa tulipo. Hayo sitayarudia. Mimi nimepewa dakika chache za kutoa nasaha, nikaona niseme jambo moja ambalo limetuingilia humu humu ndani ya kikundi. Jambo lenyewe ni simu za watu wanaojifanya wadai. Shule yangu ni darasa la saba tu, kwa hiyo nitasema kama ninavyojua kusema, na nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Mwaka 2024, mwezi wa sita, nilikuwa sokoni napanga kabichi na karoti zilizoshuka asubuhi kutoka Mgeta. Simu ikalia. Kijana akaniita kwa majina yangu yote matatu, sauti ya kiofisi kabisa. Akasema anapiga kutoka idara ya kukusanya madeni, eti nina deni la mkopo wa simu, shilingi 120,000 pamoja na faini. Nisipolipa kabla ya saa sita mchana, faili langu linakwenda polisi, na picha yangu inatumwa kwa kila mtu ninayewasiliana naye.

Sasa jamani, mimi kweli niliwahi kukopa kwenye simu, shilingi 30,000, mjukuu alipougua usiku. Nilizirudisha. Lakini pale sokoni nikaanza kujiuliza, je, nilirudisha zote? Haikubaki riba? Wateja wamesimama, kijana hataki kukata simu, ananiambia, "Mama yangu, mimi nakusaidia tu, zimebaki dakika ishirini." Nikaiona picha yangu inapita soko zima, mwenyekiti wa akina mama anadaiwa. Nikatuma. Kesho yake akapiga tena, akataka shilingi 45,000 za kufuta jina langu kwenye orodha ya wadaiwa sugu. Nikatuma na hizo. Siku ya tatu alipotaka nyingine ndipo nikashtuka, nikampa simu mwanangu aongee naye. Kijana akakata na hakupiga tena. Jumla ilikuwa shilingi 165,000, mtaji wangu wa mzigo mzima.

Lakini hasara ile siyo kosa ninalolisema. Kosa ni kwamba nilinyamaza. Wiki sita nzima niliongoza mikutano ya Jumamosi, nikahesabu hisa, nikahimiza marejesho, na sikusema neno kwa sababu ya aibu. Wiki ya saba mwenzetu mmoja, fundi cherehani, akaomba mkopo wa dharura. Tulipomuuliza wa nini, akalia. Naye alipigiwa, akalipa kidogo kidogo mpaka ikafika shilingi 310,000, na humo ilikuwemo ada ya mtoto. Ameniruhusu nisimulie ila nisimtaje jina. Alipotuambia maneno aliyoambiwa, yalikuwa yale yale yangu, hata lile la "Mama yangu, mimi nakusaidia tu."

Kama ningesimama Jumamosi ile ya kwanza nikasema, mwenzetu asingelipa hata senti. Nilimwomba radhi mbele ya kikundi, na leo namwomba tena mbele ya Mgeni Rasmi. Wahenga walisema mficha uchi hazai.

Ndugu zangu, baada ya hapo tulikaa tukajiuliza, watu hawa wametujuaje? Tukaona kuna milango miwili tuliyoiacha wazi. Mlango wa kwanza ni hizi programu za mikopo tunazoingiza kwenye simu. Kausha damu siku hizi hawakai vibandani tu, wamehamia huko. Ukiingiza programu ya namna hiyo, inakuuliza uiruhusu kusoma majina na namba zote ulizohifadhi. Wewe una shida ya pesa, unakubali bila kusoma. Umekopa wewe, lakini namba ya shangazi, ya mchungaji na ya mwenyekiti zimekwenda nazo. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha kidijitali bila leseni. Kwa hiyo kabla ya kukopa, ulizia kwanza kama mkopeshaji ana leseni. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka awe nayo.

Mlango wa pili tuliufungua sisi wenyewe. Nilikuwa na tabia ya kupiga picha karatasi ya madeni, yenye majina, namba za simu na kiasi anachodaiwa kila mtu, na kuituma kwenye grupu letu ili watu wakumbuke kulipa. Karatasi ile ilirushwa ikafika hata kwa wasiokuwa wanachama. Sina ushahidi kwamba ndiyo iliyotuponza, lakini yule aliyempigia fundi alijua mpaka deni lake la humu kikundini. Tangu siku hiyo karatasi ya madeni haitoki kwenye sanduku. Deni la mtu ni siri yake na kitabu chake. Hata serikali imeliona hilo, ndiyo maana ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Sanduku letu lina kufuli tatu, na funguo wanashika watu watatu tofauti. Hakuna hata mmoja wetu anayeweza kulifungua peke yake, hata awe na haraka namna gani. Nawaombeni mfuko wenu wa simu muuwekee kufuli tatu vile vile.

Kufuli ya kwanza: Nani ananidai? Mwambie akutajie jina la kampuni, ofisi ilipo, na namba ya mkataba, kisha alete kwa maandishi. Mdai wa kweli anazo karatasi. Wa uongo atakasirika, ataanza kutukana, au atakwambia hakuna muda. Ukisikia hakuna muda, ujue huyo ni mwizi. Kama anasema anapiga kutoka kampuni ya simu, kumbuka kampuni za simu hapa nchini humpigia mteja kwa namba 100 tu.

Kufuli ya pili: Nilikopa lini, na kiasi gani? Jibu hilo lisitoke kwenye mdomo wa mpigaji. Mimi ndipo nilipoangukia, nilimwacha yeye anikumbushe deni langu mwenyewe. Kata simu, nenda nyumbani, fungua daftari lako na ujumbe wa malipo. Kama hujaridhika, mtafute mkopeshaji wako mwenyewe kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani, siyo namba aliyokupa mpigaji.

Kufuli ya tatu: Pesa inakwenda wapi? Kama ni kwenye simu ya mtu binafsi, usitume. Na namba ya siri asipewe mtu yeyote, hata akisema ni meneja.

Halafu msiogope hili neno polisi. Kudaiwa ni shauri la madai. Anayekudai huenda mahakamani, nawe huletewa hati ya wito ukajieleze. Hakuna hakimu anayekupa dakika ishirini kwa simu.

Na kama umeshatuma, usikae kulia. Piga 100 hapo hapo uwaeleze mtandao wako. Kama pesa haijatolewa pengine ikazuiwa. Ujumbe wa matapeli upeleke kwenye namba 15040, ambayo mamlaka ya mawasiliano imeiweka kwa kazi hiyo. Nenda polisi ukaandikishe, wala usifute ujumbe, maana ndio ushahidi. Bonyeza pia *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako, usije ukakuta yako imetumika kuwaibia wengine.

Neno moja kwa wale wanaodaiwa kweli. Nasaha hizi zisiwe kichaka cha kujifichia. Dawa ya deni ni kulipa. Kukopa harusi, kulipa matanga, tunajua, lakini mdai wa halali ana haki yake. Ukizidiwa, mwendee mapema mpatane, usimzimie simu. Ila hata mdai wa halali hana ruhusa ya kukutukana wala kukutangaza kwa majirani.

Mwisho, Ndugu Mgeni Rasmi, kikundi kimepitisha kanuni mpya. Mwanachama akipigiwa simu ya namna hii, kabla ya kutuma hata shilingi moja, anampigia mwenzake mmoja. Jumamosi inayofuata analeta habari kikundini, na atakayemcheka analipa faini shilingi 2,000 kwenye mfuko wa jamii. Tangu tuipitishe wamepigiwa wanachama wanne. Hakuna aliyelipa. Faini imelipwa mara moja tu, na aliyecheka yupo hapa, anajijua.

Yule mwenzetu fundi tulimpa mkopo wa dharura, ameshaurudisha wote, na mtoto yupo shuleni. Katika uchaguzi wa mwaka huu wanachama wamemkabidhi ufunguo mmoja wa sanduku. Mimi niliunyosha mkono wangu wa kwanza.