Kabla ya Kupanda Gari la Kasumbalesa



Wengi wetu twavuka Kasumbalesa kwenda Zambia, kwa biashara au kutazama jamaa. Mtu akirudishwa, akimbilia DGM kuuliza kama amekatazwa. DGM ni ofisi ya Kongo. Majina ya waliokatazwa na Zambia yako kwa wakubwa wa uhamiaji wa Zambia, nao ndio wenye kujibu.

Tutazame kwanza karatasi tuliyopewa. Kurudishwa kwa sababu pasiporti imepita wakati si sawa na kufukuzwa kwa amri. Kwa sheria ya Zambia ya mwaka 2010, aliyefukuzwa kwa amri hawezi kurudi bila ruhusa ya maandishi. Akirudi kimya-kimya, afanya kosa la kushtakiwa.

Basi tuandike barua mapema, kabla ya kununua mali: jina, siku ya kuzaliwa, namba ya pasiporti, siku ya kufukuzwa, na nakala ya amri. Konsulati ya Zambia iko hapa Lubumbashi, tuanzie pale.

Kwa inchi za Schengen huko Ulaya, kila mtu ana haki ya kuuliza bure yaliyoandikwa juu yake.

Na yule kijana wa stendi asemaye ana mtu ndani, alete jibu lenye muhuri kwanza, ndipo tuongee feza! Kubadili jina hakufai; alama za vidole ni zile zile.

Barua ya Zambia iandikwe kwa Kiingereza. Asiyekijua atuone sisi makarani baada ya kazi, na karatasi zake zote.