Mweusi, Lakini...

(Mazungumzo ya mwelimishaji wetu wa afya na wanafunzi wa sekondari. Tumeyachapa karibu kama yalivyosemwa.)

Nimepewa dakika 20, kwa hiyo niende moja kwa moja. Leo sikuja na picha za vidonda. Nimekuja na neno moja tu, na neno lenyewe ni "lakini".

Umeshawahi kusikia mtu anasifiwa hivi: "Yule dada mweusi, lakini mzuri"? Naona mnacheka, kwa hiyo mmelisikia. Sasa hiyo "lakini" imefuata nini pale? Mbona hakuna anayesema "yule mweupe, lakini mzuri"? Neno "lakini" tunalitia pale penye kasoro ya kusamehewa. Yaani dada wa watu amezaliwa tu, tayari ana kosa la kuombewa radhi.

Utasema, mtu wa afya na sarufi wapi na wapi? Subiri. Kutoka kwenye "lakini" hiyo hadi duka la vipodozi ni hatua chache sana. Msichana anaisikia kwa shangazi tangu yuko darasa la tatu. Anaikuta tena kwenye utani wa darasani: umeme ukikatika, "hebu cheka tukuone". Akiangalia maharusi, anaona bibi harusi kapakwa poda mpaka kawa mtu mwingine. Siku moja anachanga hela ya matumizi, ananunua tyubu. Na ninyi wavulana msijifanye hamumo. Wapo wanaojipaka kimyakimya, wakiulizwa wanasema ni mafuta ya chunusi.

Kipimo hiki cha rangi hakikuanza kwetu darasani. Hapa kwetu ukoloni ulikitumia mchana kweupe. Ile Hospitali ya Ocean Road pale Dar es Salaam, ambayo siku hizi inatibu saratani, Wajerumani waliijenga miaka ya 1890 kwa ajili ya Wazungu. Walipokuja Waingereza, shule nazo zikawa mafungu matatu: za Wazungu, za Waasia na za Waafrika.

Lakini mahali kipimo hiki kilipojivua nguo kabisa ni Afrika Kusini. Mwaka 1950 Makaburu walitunga sheria ya kuandikisha kila mtu kwa rangi yake. Penye utata, ofisa aliweza kuchomeka penseli kwenye nywele zako: ikidondoka una bahati, ikinasa si Mzungu. Hebu fikiri, maisha ya mtu yananing'inia kwenye penseli!

Sandra Laing alizaliwa mwaka 1955, baba Kaburu, mama Kaburu, ila yeye akatoka na rangi ya maji ya kunde na nywele za kipilipili. Mwaka 1966, akiwa na miaka 10, alifukuzwa katika shule ya Wazungu, na polisi wakamrudisha nyumbani. Serikali ikamwandika "machotara". Baba yake akapigana na serikali, na mwaka uliofuata mtoto akaandikwa tena Mzungu. Ngozi ilikuwa ileile! Hakuna hata nukta iliyobadilika mwilini mwake, kilichobadilika ni maandishi kwenye faili. Sheria yenyewe ilifutwa mwaka 1991.

Kitaalamu, mimi na wewe na mtu wa Uswidi tuna karibu idadi ileile ya chembe zinazotengeneza rangi ya ngozi, iitwayo melanini. Tofauti ni kiasi na aina ya melanini inayotoka. Sisi tunaoishi chini ya jua hili kali, melanini nyingi ndiyo mwavuli wetu. Ndiyo maana ndugu zetu wenye ualbino, ambao melanini yao ni kidogo mno, huugua saratani ya ngozi wasipojikinga na jua. Na hapo uone kipimo kilivyo kigeugeu. Huyu anachekwa kwa kuwa mweusi, yule kwa kukosa weusi, na katika nchi yetu wapo waliokatwa viungo na kuuawa kwa sababu hiyo.

Turudi kwenye tyubu. Mkorogo huwa na mambo makubwa matatu. Kuna haidrokwinoni, inayozuia melanini kutengenezwa. Ukiizoea muda mrefu inaweza kukuachia mabaka meusi yenye ubluu ambayo ni kazi kubwa kuyaondoa. Huko huko Afrika Kusini madaktari waliyaona mabaka hayo kwa wengi, na mwaka 1990 serikali ikapiga marufuku biashara ya vipodozi vya kuchubua. Kuna steroidi, inayofanya ngozi kuwa nyembamba kama karatasi, kidonda kikachelewa kupona. Na kuna zebaki. Hii inapenya ngozi, inaharibu figo na mishipa ya fahamu, na mama mjamzito inamfikishia mtoto aliye tumboni. Hata taulo mnalochangia nyumbani linaweza kuibeba.

Wengi wanaofundisha somo hili huishia hapo, kisha wanamgombeza anayejipaka. Mimi sikubaliani nao. Tunampa mtu alama ndogo kwa weusi wake, akijichubua tunamcheka: "Fanta usoni, Coca-Cola miguuni." Sasa afanyeje? Kwa maoni yangu, wa kuulizwa kwanza ni sisi tunaotoa alama. Kaka, ulipowaambia wenzio unataka "cheupe", dada aliyekaa dawati la nyuma alisikia. Na wewe dada unayemwita mwenzio "mkaa" halafu unasema natania, muulize kama na yeye anatania.

Kuna swali ambalo huulizwa pembeni watu wakishatoka: "Dada, mimi nimeshaanza, nifanyeje?" Nalijibu hapa hapa ili asiyethubutu naye asikie. Nenda hospitali mapema, usingoje mabaka. Ukijua kipodozi chako kina zebaki, kiache leo leo. Kama ni krimu ya steroidi na umeitumia miezi mingi, daktari akuelekeze namna ya kuacha, maana ukiikatisha ghafla ngozi inaweza kuwaka moto na kuvimba. Hospitali ya KCMC, Moshi, ina kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi tangu 1992, na Muhimbili pia kuna madaktari wa ngozi. Ukienda, beba tyubu na makopo yote unayotumia, hata kama lebo imebanduka. Kama mlichanganya wenyewe saluni, mwambie daktari hivyo hivyo. Hatakugombeza, na akikugombeza muombe akuandikie dawa kwanza.